Panya wa Miombo Wanavyogawana Pori

Bila shaka unawajua panya. Unamjua yule anayetoboa gunia lako ghalani. Unamjua yule anayefukua mbegu za mahindi siku chache baada ya kupanda. Pengine umewahi kusema, "Panya ni panya tu. Wote ni wezi."

Usemi huo si wa kweli. Panya hawafanani wote. Katika pori moja la miombo huishi panya wa aina nyingi. Wengi wao hawajawahi kuingia ghalani mwako, wala hawana haja na mahindi yako. Wana makao yao, chakula chao na saa zao za kutoka.

Katika somo hili tutaona jinsi panya wa porini wanavyogawana pori. Kisha tutaona kwa nini mkulima anapaswa kulijua jambo hili. Kama hukulijua, unaweza kuwafukuza panya wasio na hatia, ukamkaribisha adui yako shambani kwa mikono yako mwenyewe.

1. Pori lina wakazi wengi

Mapori ya miombo ni makubwa. Yapo Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma, Lindi na sehemu nyingine za Tanzania. Yanaendelea mpaka Zambia, Msumbiji, Malawi na kusini mwa Kongo. Humo ndimo iliko mitundu, mininga na miti mingine tunayoijua.

Ukipita porini mchana unaweza kudhani hakuna mtu wala mnyama. Unasikia ndege na upepo tu. Lakini tazama vizuri. Pale kwenye nyasi kuna kijia chembamba kama kimepitiwa na kamba. Pale chini ya kichaka kuna tundu. Pale chini ya mti kuna maganda ya mbegu yaliyoguguniwa. Hizo zote ni alama za panya.

Sasa jiulize. Panya hawa wanafanana sana. Wote wana meno ya kuguguna. Wote ni wadogo. Wengi hula mbegu na wadudu. Basi wanaishije pamoja bila kumalizana kwa njaa?

Wazee wetu walisema, "Fahali wawili hawakai zizi moja." Maneno hayo ni kweli hata kwa panya. Panya wa aina mbili wakitaka kitu kile kile, mahali pale pale, kwa saa ile ile, na kitu chenyewe hakitoshi, mwenye nguvu atabaki na mwenzake ataondoka au atakufa. Lakini wakitofautiana kidogo, wote wawili wanaweza kuishi.

Fikiri juu ya soko la kijijini. Mama mmoja huuza maandazi asubuhi. Jioni mama mwingine huja na samaki wa kukaanga, akaweka meza mahali pale pale. Mahali ni pamoja, lakini hawagombani. Mmoja ana asubuhi yake, mwingine ana jioni yake. Panya nao hufanya hivyo.

2. Wanagawana mahali

Kwanza, panya hugawana mahali pa kuishi.

Kuna panya wa juu. Mmoja wao ana mkia mrefu kuliko mwili wake. Mkia huo humsaidia kujishika na kujisawazisha anapopita matawini. Hujenga kiota cha nyasi na majani ndani ya kichaka au kwenye mitambaa, juu ya ardhi. Hula matunda, majani na mbegu.

Yupo na mwingine mdogo, mwenye mkia wa manyoya mengi kama wa kindi. Huyu huishi katika matundu ya miti. Hula wadudu wengi, na pia mbegu na matunda.

Kuna panya wa mawe. Ukimgusa mgongoni utashangaa, kwa sababu manyoya yake ni magumu kama miiba midogo. Hujificha katika nyufa za miamba na hata katika vichuguu. Hula wadudu na mbegu. Ngozi yake huchanika upesi. Adui akimkamata, hubaki na kipande cha ngozi, na panya akakimbia. Mwaka 2012 wataalamu waliowachunguza panya wa namna hii nchini Kenya walieleza kwamba kidonda chake hufunga upesi, na manyoya huota tena mahali pale pale.

Kuna panya wa mchanga. Huyu ana miguu mirefu ya nyuma, na huruka-ruka anapokimbia. Hupenda udongo mwepesi wa kichanga, kwa sababu ni rahisi kuchimba.

Kuna panya wa majanini. Ana mstari mmoja mweusi mgongoni. Hukaa katika nyasi ndefu na kupasua vijia vyake humo. Ukizifyeka au kuzichoma nyasi hizo, umevunja nyumba yake.

Je, umeona? Juu ya mti, ndani ya kichaka, kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye nyasi. Pori ni moja, lakini lina vitongoji vingi.

3. Wanagawana saa

Pili, panya hugawana saa.

Yule wa mstari mmoja mgongoni hutembea mchana. Kindi naye, ambaye ni wa ukoo wa wanyama wagugunaji kama panya, hutafuta chakula mchana juu ya miti. Jua likizama kindi huingia kulala. Ndipo yule mdogo mwenye mkia wa manyoya hutoka katika tundu lake. Mti ni ule ule, lakini wana zamu, kama wafanyakazi wa kiwandani.

Wagawana hata majira ya mwaka. Kuna panya mdogo mnene ambaye wakati wa neema hula sana, mpaka mwili wake ukajaa mafuta. Kiangazi kikija na chakula kikipungua, hujifungia shimoni na kulala usingizi mzito. Mwili wake hupoa, na huishi kwa mafuta aliyoweka. Wenzake wanapohangaika na njaa, yeye yuko usingizini na hagombani na mtu.

Kuna jaribio moja mashuhuri juu ya kugawana saa. Lilifanywa nchini Israel, karibu na Bahari ya Chumvi, na habari zake zilichapishwa mwaka 1971. Huko katika miamba wanaishi panya wa aina mbili, ndugu wa yule panya wetu wa mawe. Aina moja hutembea usiku. Ya pili hutembea mchana, ingawa jua la huko ni kali sana. Watu walishangaa. Kwa nini panya atoke juani, akaache ubaridi wa usiku?

Mtaalamu mmoja aliwaondoa wale wa usiku mahali pale. Je, nini kilitokea? Wale wa mchana wakaanza kutoka usiku pia. Basi ikajulikana kwamba hawakuchagua mchana kwa kupenda jua. Jirani yao ndiye aliyewasukuma.

4. Wanagawana chakula

Tatu, panya hugawana chakula, na njia ya kukitumia.

Mmoja hupenda wadudu zaidi. Mwingine hupenda mbegu. Mwingine hula majani mabichi na shina la nyasi. Hata wale wanaokula mbegu hutofautiana. Mkubwa huvunja mbegu kubwa na ngumu, na mdogo huokota mbegu ndogo za nyasi.

Panya buku unamfahamu. Huyu ni mkubwa, anaweza kupita kilo moja. Ana mifuko ndani ya mashavu. Huijaza mbegu, matunda na karanga, akapeleka vyote shimoni. Yupo pia panya mfupi mnene mwenye mkia mfupi. Naye ana mifuko ya mashavuni. Hatembei haraka, kwa hiyo hawezi kukaa nje muda mrefu na kulia hapo. Hukusanya mbegu, akaenda kula salama ndani ya shimo lake.

Kuweka akiba kuna faida hata kwa pori. Katika msitu wa Nyungwe, nchini Rwanda, imeonekana kwamba panya buku huzika mbegu za miti ardhini ili azile baadaye. Nyingine hazifukui tena. Mbegu hizo zikipata mvua huota. Hivyo panya huyo, bila kujua, ni mpanda miti.

Lakini usidhani kwamba mpaka wa panya ni kama ukuta. Mvua zikinyesha na chakula kikiwa tele, wengi hula vitu vile vile bila taabu. Taabu huja kiangazi. Hapo ndipo kila mmoja hurudi kwenye ile kazi anayoiweza kuliko wenzake.

5. Nani aliwagawia?

Panya hawana mkutano wala mwenyekiti. Hakuna aliyesema, "Wewe kaa juu, wewe kaa chini." Basi mgawanyo huu ulitoka wapi?

Mtaalamu mmoja wa Kirusi, jina lake Gause, alieleza jambo hili katika kitabu mwaka 1934. Alitumia viumbe wadogo sana wa majini, ambao macho hayawezi kuwaona vizuri bila kioo cha kukuza. Alitia aina mbili katika chombo kimoja chenye chakula cha namna moja. Aina moja ilistawi, na nyingine ikatoweka kabisa. Kisha akajaribu aina mbili nyingine. Hizi zote mbili ziliishi. Kwa nini? Kwa sababu moja ilikula chini ya chombo, na nyingine ilikula juu.

Mambo ya panya ni hivyo hivyo. Kwa muda mrefu sana, vizazi kwa vizazi, panya aliyeweza kupata riziki mahali ambapo wenzake hawafiki alizaa watoto wengi zaidi. Watoto wakarithi mwili wa mzazi wao: mkia mrefu wa kupandia, au miguu ya kurukia, au mashavu ya kubebea. Polepole wakawa tofauti.

6. Mkulima anapoingia

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sana.

Yupo panya mmoja ambaye hatujamtaja. Ni yule panya shamba. Rangi yake ni ya kahawia au kijivu, wala hana alama ya kukumbukwa. Hapandi miti kwa ustadi. Hana mashavu ya mifuko. Hana miiba. Lakini ana ujuzi mmoja mkubwa: hula karibu kila kitu. Hula mbegu, nyasi na wadudu. Tena huzaa sana.

Katika pori lililokomaa panya shamba huwa wachache. Kila kitongoji kina mwenyewe. Lakini tazama tunachofanya. Tunakata miti yote. Panya wa juu anaondoka. Tunachoma nyasi. Panya wa mstari mmoja anaondoka. Tunapasua mawe na kung'oa vichaka. Wenyewe wanaondoka. Kisha tunapanda mahindi. Tumemwandalia panya shamba meza, na wenzake wote tumewafukuza. Yeye ndiye huwa wa kwanza kuingia mahali palipofyekwa au palipoungua.

Hebu tufanye hesabu. Panya shamba jike hubeba mimba kwa siku 23 hivi. Anaweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja, naye ana matiti yanayoweza kufika 24. Wakiwapo majike 10 shambani, na kila mmoja akazaa watoto 10, watapatikana watoto 100 kwa uzazi mmoja tu. Nao wakikua watazaa.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzao kutoka Ubelgiji, wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi. Wameona kwamba mvua ndizo zinazomwongoza kuzaa. Mvua za vuli zikiwa nyingi mwezi wa Novemba na Desemba, huanza kuzaa mapema, na baadaye panya wanaweza kufurika. Basi ukiona vuli imenyesha sana, jiandae.

Hasara kubwa hutokea mbegu zikiwa bado ardhini na miche ikiwa michanga. Katika wiki mbili za kwanza unaweza kupoteza mbegu nyingi, ukalazimika kupanda upya. Na mbegu ya kupanda upya ni fedha, au ni chakula cha watoto.

7. Jambo lililoonekana Laikipia

Nchini Kenya, huko Laikipia, mwaka 1995 wataalamu walizungushia uzio sehemu za pori la migunga. Sehemu nyingine ziliachwa wazi. Nyingine zilifungwa ili wanyama wakubwa wasiingie.

Walipohesabu panya, waliona kwamba mahali pasipoingia wanyama wakubwa panya walikuwa karibu mara mbili. Kwa nini? Wanyama wakubwa hula nyasi na majani. Wasipokuwapo, chakula hicho hubaki kwa panya. Kisha nyoka nao wakazidi, kwa sababu mawindo yao yalizidi.

Fundisho lake ni hili: mgawanyo wa pori hauwahusu panya peke yao. Panya hugawana hata na tembo, pundamilia na swala. Ukimwondoa mmoja, fungu lake halibaki bila mtu. Yupo atakayelichukua.

8. Tufanye nini?

Hatuwezi kuacha kulima. Lakini tunaweza kulima kwa akili.

Kwanza, tusichome pori ovyo kwa ajili ya kuwinda panya. Moto huwaondoa panya wa pori, na nyuma yake huja panya shamba.

Pili, tuache sehemu za pori, vichaka vya kwenye mawe, na miti mikubwa yenye mapango. Humo hukaa panya wasiotudhuru, na humo pia hukaa bundi.

Tatu, tusimuue bundi. Watu wengi husema bundi ni ndege wa wachawi. Bundi si mchawi. Ni mwindaji wa panya. Usiku unapolala, yeye analinda shamba lako bila mshahara. Kicheche na mwewe nao ni walinzi.

Nne, majirani tupande kwa wakati mmoja. Ukipanda peke yako mapema, panya wote wa jirani watakuja kwako. Mkipanda pamoja, hasara hugawanyika na kipindi cha hatari huwa kifupi. Tena tufyeke kingo za mashamba na kutega mitego kwa pamoja kabla ya kupanda. Mtu mmoja akitega na wenzake wasitege, panya wa jirani watahamia kwake.

Tano, tujenge ghala la miguu mirefu, na kila mguu tuufunge bati pande zote ili panya asipande.

Sita, tusitumie sumu bila ushauri wa bwana shamba au bibi shamba. Sumu haichagui. Huua kuku, paka, bundi, na yaweza kuua mtoto.

Saba, tujihadhari na tauni. Ugonjwa huu huletwa na viroboto wa panya. Katika wilaya ya Lushoto ulizuka mwaka 1980 na ukaua watu wengi katika miaka iliyofuata. Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu inayojulikana, usiwaguse. Usiwaruhusu watoto wawachezee. Toa habari upesi katika zahanati au kwa viongozi wa kijiji. Mtu akipata homa kali na uvimbe kinenani au kwapani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tauni ina dawa, lakini haingoji.

9. Jaribu mwenyewe

Unaweza kuona mgawanyo huu kwa macho yako. Chukua majivu makavu. Jioni nyunyiza kidogo mahali panne: chini ya mti mkubwa, kando ya mawe, katika kijia cha nyasi, na ukingoni mwa shamba. Asubuhi na mapema nenda ukatazame. Utaona nyayo. Je, zote ni sawa? Je, ni wapi zilipo nyingi? Usitie mkono katika mashimo, maana huenda mna nyoka.

Andika uliyoyaona katika daftari lako, na uyasome mbele ya wenzako darasani.

Ndugu msomaji, safari ijayo ukimwona panya porini, usikimbilie kuinua fimbo. Jiuliza kwanza, "Huyu ni nani? Anakaa wapi? Anakula nini?" Pengine ni mwenye pori. Pengine kukaa kwake pale ndiko kunakomzuia panya shamba asiingie.

Maswali ya mazungumzo

1. Taja njia tatu ambazo panya hutumia kugawana pori.
2. Katika kijiji chenu kuna panya wa aina ngapi? Wazee huwaitaje?
3. Kwa nini panya shamba huongezeka pori linapofyekwa au kuchomwa?
4. Jike 15 wa panya shamba wakizaa watoto 10 kila mmoja, watapatikana watoto wangapi?
5. Watu wa kijiji chenu wanasema nini juu ya bundi? Wewe unaonaje sasa?
6. Je, majirani zako wanaweza kukubaliana kupanda kwa wakati mmoja? Ni nani aanze kulisema jambo hili katika mkutano wa kijiji?